Chumba Chenye Umbo la Pasi

Chumba Namba 9, Orofa ya Tatu,
Jengo la Njia Panda.

Jumapili, 14 Septemba

Mpendwa mdogo wangu Kimbaumbau,

Najua shemeji atacheka akisikia bado nakuita hivyo, maana picha mliyonitumia inaonyesha kwamba mambo yamebadilika. Lakini mimi ndiye niliyekubeba mgongoni ukiwa mifupa mitupu, kwa hiyo jina hilo ni haki yangu na sitalirudisha.

Hujambo? Shemeji hajambo? Wanangu wote wawili hawajambo? Goti lako linaendeleaje? Usiwe mkaidi, ukiambiwa upumzike pumzika. Na yule mdogo, je, ameshazoea shule mpya, au bado anarudi nyumbani na kusema kwamba kila mtu kule anaongea harakaharaka? Mwambie mama yake mkubwa amemuulizia.

Sisi huku hatujambo. Nimeshaandika "sisi" kwa mazoea na sitaifuta, karatasi isije ikachafuka. Ukweli ni kwamba huku hakuna sisi. Niko mimi, na cherehani, na redio ambayo siku hizi inashika stesheni moja tu.

Barua yako niliipata mwezi wa tano. Uliniuliza jambo moja la wazi kabisa, kwamba kwa nini nisifunge virago nije nikae kwenu, chumba kipo. Umengoja jibu miezi minne. Kila ulipopiga simu ukiuliza kama nimeipata, nilisema nimeipata, nitakuandikia, halafu nikakuuliza habari za mvua. Nisamehe. Kwenye simu sauti yangu imejifunza kusema salama tu hata kabla sijaulizwa. Kwenye karatasi ni vigumu zaidi, kwa sababu nayaona maneno yenyewe yakinitazama. Basi leo nimekaa nikuandikie yote, na jibu lako limo humo humo, ila itabidi ulifuate taratibu.

Nianze na nyumba, maana hujaiona.

Unakumbuka kwamba mwezi wa pili nilihama ile nyumba tuliyokaa na marehemu miaka ishirini na mbili, kwa kuwa watoto wa mwenye nyumba walikuwa wanaitaka wenyewe. Hawakunifukuza, walinipa muda wa kutosha. Nikapata hapa, karibu na hospitali, natembea kwa miguu hadi kazini. Jengo lenyewe limejengwa pale barabara mbili zinapokutana, na aliyelijenga hakutaka kupoteza hata shubiri ya kiwanja. Kwa hiyo limechongoka. Vyumba vyangu viko kwenye ncha.

Sebule ukiitazama kwa juu ni umbo la pasi. Huku nyuma, unapoingilia, ni pana. Kisha kuta mbili zinasogeleana na kusogeleana mpaka zinakutana kwenye dirisha jembamba. Kati, kama vile mtu aliyesahau kuondoka, imesimama nguzo. Hakuna pembe hata moja iliyonyooka. Mimi ambaye maisha yangu yote nakata shuka za hospitali, pembe nne, mstari ulionyooka, nilipoingia mara ya kwanza nilihisi kama nimepewa kitambaa alichokata mtu akiwa safarini.

Chumba cha kulala nacho kina vituko vyake. Ngazi za kupandia juu ya paa zinapita juu yake, hivyo dari linateremka kutoka mlangoni kwenda ukutani, mpaka mwisho wake linafika kifuani. Mlango unafungukia ndani.

Humo ndimo nilimotaka kuingiza vitu vyote vya nyumba ya vyumba vitatu. Makochi yote manne. Meza ya kulia ya watu sita. Kabati la nguo la milango mitatu. Na kitanda, kile cha futi tano kwa sita, unachokijua.

Mwanao, huyu niliyemzaa mimi, alinishauri nigawe. Yuko kule machimboni, ananipigia kila Jumapili jioni, na kila Jumapili anasema, "Mama, gawa." Nikamwambia nitagawa. Sikugawa hata stuli.

Badala yake nilifanya kama ninavyofanya kazini. Nilipima vyumba kwa tepu, nikachora umbo lake kwenye karatasi ngumu, kisha nikakata vijikaratasi vya kila kitu, kitanda, kabati, meza, kila kitu kwa kipimo chake, nikawa navisogeza juu ya mchoro kama mtu anayecheza bao peke yake. Kwenye karatasi kila kitu kilienea. Nikivisogeza vyenyewe, havienei. Kochi ukiliegemeza kwenye ukuta ulioinama, nyuma yake linabaki pengo la pembe tatu ambalo halina kazi ila kuhifadhi vumbi. Kabati, kwa urefu wake, lilikubali mahali pamoja tu, nyuma ya mlango wa chumba cha kulala, pale dari lilipo juu. Mlango ukawa unafunguka nusu. Nikawa naingia kulala ubavuubavu, kama mtu anayejipenyeza kwenye foleni.

Nilihamisha vitu kila nilipotoka kazini. Nikajidanganya kwamba natafuta mpangilio. Sasa naweza kukuambia kwamba nilikuwa naogopa kumaliza. Mtu akimaliza kupanga nyumba inabidi akae.

Sasa kuna jirani wa chini yangu, orofa ya pili. Wapangaji wanamwita Opereta, kwa sababu alifanya kazi ya kuunganisha simu miaka thelathini na kitu, enzi zile unapiga namba unasikia sauti ya mtu kwanza. Mimi sikuwa namjua. Nilichojua ni kwamba kila nikiburuta kitu, huko chini mtu anagonga dari kwa fimbo, ko, ko, ko. Nami nikawa naburuta kwa hasira zaidi. Utu uzima wangu wote ulikwenda likizo.

Siku moja, nimetoka tu kazini, nikasikia hodi. Nikafungua mlango nikiwa nimeshakunja uso. Mzee mrefu, shati limepigwa pasi vizuri, kasimama kidogo pembeni ya mlango.

"Mama," akasema, "shikamoo sikupi, nadhani mimi ni mkubwa kwako. Nimekuja kuomba jambo dogo. Kitanda hicho umekihamisha mara nne tangu Jumatatu."

Mdogo wangu, ulimi wangu unaujua. Nikamjibu, "Kwani mzee wewe unakiona?"

"Hapana," akasema. "Sioni kitu."

Hapo ndipo nilipoiona fimbo nyeupe mkononi mwake. Nilitamani sakafu ipasuke, ila ingepasuka ningeangukia nyumbani kwake. Nilimwomba radhi, akasema haina neno, akashuka ngazi akihesabu kwa sauti ya chini. Tangu siku ile nikawa namkwepa. Nikisikia fimbo yake kwenye ngazi, nasubiri ndani mpaka ipite. Kwa hiyo katika jengo zima, mtu mmoja aliyewahi kubisha hodi kwangu nilimgeuza kuwa mtu wa kukwepwa.

Barua yako ikafika. Niliisoma nikiwa nimekaa kitandani, nikaiweka chini ya mto. Juma lililofuata ndipo yalipotokea yale ambayo sijamwambia mtu wa nyumbani.

Ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi. Nilikuwa nimeamua kukigeuza kitanda kiangalie dirishani, na ili kigeuke, kabati lilipaswa kusogea kidogo. Ningemngoja mtu anisaidie. Lakini nimngoje nani? Nikafunga mlango wa chumba ili kabati lipate nafasi ya kupita, nikaliinamia, nikalisukuma kwa bega. Likaenda kidogo. Nikavuta upande wa pili. Mguu mmoja wa kabati ukakatika, na lote likaja.

Halikuniangukia mwilini, nashukuru. Lilianguka likajikwamisha kati ya mlango na ukingo wa kitanda, limelala mshazari, limebana mlango kama gogo. Ila mkono wangu wa kushoto ulikuwa katikati. Nilisikia mfupa. Nikautoa, sijui niliutoaje, nikakaa chini kwenye kile kinafasi kilichobaki, kati ya kitanda na ukuta, dari likiwa karibu na kichwa changu.

Simu ilikuwa sebuleni kwenye chaji. Dirisha la chumba kile linatazama njia panda, honi na pikipiki mfululizo, na chini kabisa kuna karakana ya kuchomelea mageti. Nilipiga kelele mpaka koo likakauka. Jirani wa Namba 8 ni mchuuzi, husafiri wiki nzima. Saa nne na nusu nikasikia simu inaita. Saa tano ikaita tena. Ulikuwa wewe. Baadaye nilikuambia nilikuwa nafua. Sikuwa nafua, mdogo wangu. Nilikuwa chini sakafuni, nasikiliza simu yako mpaka ikakata.

Nitakuambia nilichowaza pale, kwa sababu wewe ndiye pekee ninayeweza kumwambia. Sikuwaza kifo. Niliwaza kwamba Jumapili jioni mwanao atapiga na kudhani nimelala, Jumatatu asubuhi kwenye chumba cha kushona watasema labda amechelewa, na Jumanne watasema labda anaumwa. Nikahesabu ni lini hasa mtu angekuja. Nikapata Alhamisi.

Basi nikauchukua ule mguu wa kabati uliokatika nikaanza kugonga sakafu. Kama ulivyotarajia, huko chini nikajibiwa kwa fimbo, ko, ko, ko, kwa ghadhabu. Nikagonga tena. Fimbo ikajibu tena. Yule mzee alidhani nimeanza mambo yangu ya kila siku. Tukaenda hivyo muda mrefu, mimi nagonga kuomba, yeye anagonga kukaripia, na sikujua namna ya kugonga kwa lugha nyingine. Mwishowe nikachoka, nikagonga mara mbili tu, polepole. Kimya. Kisha akagonga mara mbili. Nikagonga nne. Akagonga nne. Nikaanza kulia, maana nilijua amenielewa.

Mlango wa nje nilikuwa nimeurudishia tu. Nikasikia fimbo ikiingia sebuleni. Nikasikia akijigonga kwenye meza, kisha kwenye kochi, kisha kwenye ile nguzo.

"Mama, uko upande gani?"

"Huku chumbani, mzee. Mlango umezibwa. Mkono umevunjika."

Alijaribu kuusukuma, haukutikisika. Akashuka kumtafuta fundi wa kuchomelea, akarudi. Fundi alikuwa amekwenda kufunga geti la mtu na angerejea baada ya saa moja. Mzee angeweza kwenda kumngojea chini. Alivuta kiti cha mezani akakaa nyuma ya mlango.

"Tuzungumze," akasema. "Usinyamaze. Nieleze hicho chumba. Changu ni hichohicho, nataka kujua wewe umekipangaje."

Nikamweleza. Kitanda kimeanzia wapi, kimeishia wapi, kabati lilikuwa wapi, natembea hatua ngapi. Aliuliza kama mtu anayeandika.

"Unalala upande upi?"

"Wa ukutani, chini ya dari linaloteremka."

"Pale utakuwa unajigonga kichwa kila unapoamka."

"Nimezoea."

"Na ule upande wa juu, wenye nafasi?"

"Wa mume wangu."

"Yuko wapi yeye?"

"Alifariki. Mwaka wa tatu huu."

Akasogeza kiti karibu na mlango. Kisha akasema, bila ukali wowote, "Basi ndiyo maana chumba hakitoshi."

Nilikasirika, kama unataka kujua. Nilikuwa na mkono uliovunjika na mtu nisiyemjua ananiambia mambo ya marehemu wangu kupitia mlangoni. Lakini nikiwa pale sakafuni nilitazama, na nikaona kwamba kweli, kwa miezi yote ile nilikuwa napanga nyumba ya watu wawili ndani ya nyumba ya mtu mmoja. Kabati la milango mitatu, na milango miwili ilikuwa ya nguo zake. Makochi ya wageni waliokuwa wakija kwa ajili yake, maana yeye ndiye aliyekuwa na maneno.

Fundi akaja saa nane. Bawaba ziko kwa ndani, kwa hiyo akaukata mlango ubao wa juu, akajipenyeza, akalinyanyua kabati. Ni mtu wa kifua kipana, mwenye mzaha. Aliponiona akasema, "Mama, ungetuambia unataka mlango wenye dirisha tungekutengenezea tu." Nilicheka na kulia kwa pamoja. Wao wawili ndio walionipeleka hospitali, mmoja amenishika, mwingine nimemshika.

Nilifungwa plasta wiki sita. Na wewe kila uliponiuliza, salama tu. Mwanao naye hajui, na nakuomba usimwambie. Nitamwambia mwenyewe akija likizo, nikiwa mbele yake aone kwamba vidole vyote vinakunjuka.

Zile wiki sita sikuwa na kazi. Fundi cherehani mwenye mkono mmoja ni mtazamaji tu. Ndipo mzee alipoanza kupanda kwangu, karibu saa kumi za jioni, akabisha hodi na kukaa kiti kile kile. Nikamwambia sasa nataka kupanga kweli. Nikamwekea vijikaratasi vyangu mkononi. Akavipapasa kimoja kimoja, akavirudisha mezani.

"Wewe unaanza na vitu," akasema. "Mimi huanza na kutembea. Tembea kwanza. Kutoka kitandani kwenda maliwatoni. Kutoka jikoni kwenda kwenye kiti. Njia zako zikishajulikana, vitu vikae panapobaki. Kisipopata pa kukaa, si chako."

Nikatembea. Jioni nzima nilitembea humu ndani kama mgonjwa anayejifunza, naye anasikiliza hatua, anasema, "Hapo umekwepa kitu. Ni nini?" Ni ncha ya meza. Ni mkono wa kochi. Nilikuwa nakwepa mara kumi na moja kabla ya kunywa chai, na nilikuwa nimeacha kuhisi.

Kisha mambo yakaenda haraka. Meza ya watu sita niliipa chumba chetu cha kushona, sasa tunakatia mashuka juu yake na wenzangu wanaishukuru kila siku. Makochi mawili yameondoka, mawili yamebaki, na hayajaegemea ukuta tena. Hilo lilinishangaza. Maisha yangu yote nilijua kochi ni la ukutani. Mzee akasema kuta zilizopinda ziachwe zipinde zenyewe, usililazimishe kochi lizifuate. Tukayaweka yamepeana migongo na nguzo, yanatazamana kidogo, na ghafla nguzo ile ikawa na kazi, ikawa kama mgongo wa nyumba. Kule kwenye ncha ya pasi, penye dirisha jembamba, ambapo nilikuwa nimesukumia maboksi, ndipo ilipokaa cherehani. Panatosha cherehani na mtu mmoja, hapabaki hata upana wa kiganja. Mwanga unaingia kutoka barabara zote mbili. Sijawahi kushona mahali pazuri kama pale.

Kabati fundi aligundua kwamba lilikuwa mawili yaliyounganishwa kwa skrubu, moja la milango miwili na jingine la mmoja. Hata mimi sikujua. Akaondoa taji, ule urembo wa juu, na miguu, la mlango mmoja likaingia chini ya mteremko wa dari bila kugusa. La milango miwili akalichukua yeye. Nguo za marehemu nilizikunja kwa mkono mmoja, ilichukua siku tatu, zimekwenda kwa watu wa hospitali wanaotoka wodini bila nguo za kubadili. Suti ile ya kijivu nimeiacha. Usinicheke.

Na kitanda. Kitanda nacho kilikwenda kwa fundi, maana mkewe alikuwa analala na watoto watatu kwenye kitanda kidogo. Hakikuweza kupita kwenye kona ya ngazi, ikabidi wakifungue chaga moja moja. Niliketi ngazini nikaangalia. Godoro lilipopita, nililiona bonde la upande wake, limebaki vile vile, kana kwamba aliamka asubuhi ile. Nilitaka kusema nirudishieni. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Mzee alikuwa amesimama ngazi moja juu yangu, akaniuliza, "Kimeshapita?" Nikasema kimeshapita.

Sasa nalala kwenye kitanda cha futi tatu, kichwa kiko upande wa dari la juu. Nikiamka sijigongi.

Mdogo wangu, usije ukaanza kuwaza mambo mengine kuhusu mimi na mzee. Najua unavyowaza. Ana miaka sabini na sita. Tulikuwa tunakunywa chai, ananisimulia habari za simu za zamani, jinsi alivyowatambua watu kwa pumzi kabla hawajasema jina. Mimi namsomea magazeti na kumtilia uzi sindanoni, maana vifungo vyake alikuwa anavishona mwenyewe. Yalikuwa hayo tu. Lakini saa kumi ikikaribia nilikuwa naweka birika jikoni, na mtu anayeweka birika kwa ajili ya saa fulani ana jambo la kungojea.

Mwanzoni mwa mwezi wa nane binti yake alikuja kumchukua. Anaishi mbali, safari ya siku mbili. Amesema hapendi baba yake apande na kushuka ngazi peke yake, na ana haki. Mzee hakubisha. Alikuja kuniaga asubuhi, akaomba apite ndani mara moja bila fimbo. Akatoka mlangoni, akapita nguzo, akafika kwenye cherehani, akaigusa, akageuka, akarudi hadi mlangoni bila kugusa kitu. "Vizuri," akasema. "Hapa hata mgeni hawezi kuumia." Kisha akanipa mkono. Nilimsindikiza hadi kwenye gari. Binti yake ni mpole, alinishukuru kwa kumwangalia baba yake. Sikumwambia kwamba ilikuwa kinyume chake.

Amepiga simu mara moja. Anasema wajukuu wanamwacha njiani viatu na magari ya kuchezea, naye kila siku anajikwaa. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyeridhika.

Chumba chake huko chini bado ni kitupu. Mwenye jengo anasema watu wanakuja kukitazama, wanaona kuta zilivyo, wanaondoka. Mimi nimebaki natembea kwa ndara laini na kunyanyua kiti badala ya kukivuta, ingawa hakuna wa kusumbua. Jioni natoka kazini, nafungua mlango, kila kitu kiko mahali pake. Ndiyo nyumba iliyopangika kuliko zote nilizowahi kukaa. Jana nilikaa kwenye kochi moja nikalitazama la pili mpaka chai ikapoa.

Kazini ni kuzuri, nisije nikakutia huzuni tu. Tumepata cherehani mbili za umeme, na yule mkuu wetu anayependa kukagua mishono kwa miwani miwili ameanza kunipa kazi za kufundisha wapya. Mkono unanivuta kidogo wakati wa baridi, basi.

Sasa jibu lako.

Sitakuja kuishi kwenu. Nina miaka minne kabla ya kustaafu, na kazi yangu naipenda. Tena nimeogopa kwamba nikija sasa nitakuwa nimekimbia, na mtu aliyekimbia huwa mgeni mbaya. Ila mwezi wa kumi na mbili nina likizo ya siku ishirini na nane, na kwa mara ya kwanza tangu nimzike marehemu naiomba yote. Nakuja. Nimeshamwambia mkuu wetu, ameshaandika jina langu ukutani. Miaka kumi na moja hatujaonana, mdogo wangu, na sababu yake ni mimi zaidi kuliko wewe. Nilikuwa nangoja nipange nyumba kwanza.

Kwenye barua yako umesema chumba cha nyuma ni tulivu, kina mlango wake, sitasumbuliwa na mtu, na kwamba shemeji yuko tayari kukipaka rangi. Mshukuru sana, lakini asipake. Sikitaki. Nitandikieni pale sebuleni mnapopita wote, hata kama ni chini, hata kama miguu yangu itakuwa njiani. Wanangu waniruke wakienda shule. Wewe unipite ukienda jikoni, unigongegonge na hilo goti lako bovu, useme dada sogea. Kwa siku ishirini na nane nataka kuambiwa sogea.

Nisalimie shemeji sana, na umwambie ile redio aliyonirekebishia inahitaji macho yake. Nisalimie wanangu wote wawili, mkubwa kwa kikohozi chake na mdogo kwa maneno yake. Nisalimie mjomba ukimwona, na wifi yako yule mcheshi. Mungu awafunike nyote, awape afya, na mlango wenu usikose mtu wa kubisha hodi.

Mimi dada yako, ninayekupenda tangu ukiwa mifupa mitupu,

Dada Mkubwa